Kivimbe kilichotulia na kilichochachamaa: ukiwa Dodoma uanzie wapi, na uende na nini?

Mimi ni fundi cherehani Majengo, na futi kamba hukaa shingoni mwangu tangu asubuhi mpaka giza linaingia. Hiyo ndiyo iliyonijulisha kwamba nina kivimbe. Kilikuwa nyuma ya shingo, usawa wa kola, kimeviringika kama punje ya njegere, na juu yake palikuwa na kidoa cheusi mfano wa ncha ya sindano. Nikikisukuma kwa kidole kinateleza chini ya ngozi. Hakiumi wala hakiwashi. Nikakaa nacho zaidi ya miaka miwili.

Mwezi wa kumi, jua kali na upepo wa vumbi hauishi, kikabadilika ndani ya siku tatu. Kikafikia ukubwa wa zabibu nene, ngozi ikakaza na kung'aa, pakawa pa moto, na kugeuza shingo ikawa kazi. Nikakimbilia sehemu moja ya karibu nikiwa na simu na pesa tu. Hakuna aliyeniuliza kilianza lini, na mimi sikusema. Kikapasuliwa, kikakamuliwa, nikapewa vidonge, nikarudi nyumbani nikijua yamekwisha. Miezi minne baadaye kikaota palepale, safari hii chini ya kovu.

Mama yangu mdogo wa Mpwapwa alikuwa na chake kichwani, nyuma ya sikio la kulia. Kila akisuka nywele, chanuo linakikwaruza. Yeye nilipompeleka tulikwenda na daftari. Kilitolewa kikiwa kizima na mfuko wake, na hakijarudi mpaka leo.

Watu wakisikia habari hizi mbili huniuliza swali moja: "Yeye ulimpeleka hospitali gani?" Wanadhani jibu liko kwenye jina la hospitali. Kilichotutofautisha mimi na mama mdogo ni kwamba mimi nilikwenda kivimbe kikiwa kimechachamaa, yeye akaenda kikiwa kimetulia, na kila hali ina matibabu yake, mahali pake pa kuanzia na maandalizi yake. Ukijua chako kiko katika hali gani, uchaguzi wa pa kwenda huwa mwepesi sana.

Je, ni kivimbe kweli?

Tuanze na hili kwa sababu kuna vitu vinne ambavyo mtaani vyote huitwa "uvimbe", na daktari atakusaidia haraka zaidi ukiweza kumweleza chako kinafanana na kipi.

Kivimbe ninachozungumzia mimi ni kifuko. Seli za ngozi ya juu, ambazo kwa kawaida huchakaa na kupukutika, zinaingia ndani na kujijengea mfuko, kisha zinaendelea kupukutika humohumo. Kinachojaa ni keratini, protini ileile inayojenga nywele na kucha, ikiwa nyororo na nyeupe kama maziwa mgando mazito, na harufu yake ukiisikia mara moja huisahau. Wengi husema ni mafuta, lakini mafuta hayahusiki. Kile kidoa cheusi juu yake ni mlango wa kifuko, na ni alama nzuri sana ya kumwonyesha daktari. Vya kichwani kama cha mama mdogo ni ndugu wa hivi: vinatokana na ala ya unywele, mara nyingi havina kidoa, ni vigumu kidogo ukivigusa, na hutembea katika ukoo. Bibi alikuwa nacho, na mjomba pia.

Uvimbe wa mafuta wenyewe, ambao hospitali huuita lipoma, uko chini zaidi, unabonyea kama mpira laini, hauna kidoa, na unaweza kukaa begani au mgongoni miaka mingi bila habari. Jipu halina historia: mwezi uliopita halikuwepo, leo lina moto, maumivu na usaha. Tezi hujitokeza shingoni, chini ya taya, kwapani na kinenani, na mara nyingi huvimba kwa sababu kuna maambukizi mahali fulani. Tezi iliyokaa wiki kadhaa bila kupungua, hasa pamoja na homa za jioni, kutokwa jasho usiku au kupungua uzito, ni habari nyingine kabisa. Mtu huyo apelekwe kupimwa, pamoja na kifua kikuu, na asisubiri.

Kikiwa kimetulia

Kivimbe kilichotulia hakina dharura, na hapa una machaguo mawili ya halali: kukiacha au kukitoa. Kukiacha si uzembe. Kifuko cha aina hii si saratani, na kugeuka saratani ni jambo la nadra sana. Kama ni kidogo, hakikwaruzwi na nguo, hakikui, na hakikukeri, daktari anaweza kukuambia ukaishi nacho, na atakuwa sahihi.

Kukitoa kunakuwa na maana pale kinapokaa kwenye njia ya kitu: kola, sidiria, mkanda, chanuo, futi kamba. Au kinapokua mwaka hadi mwaka, au kikiwa usoni na kinakunyima raha, au kikiwa kimewahi kuchachamaa hata mara moja. Mimi ningeongeza: kikiwa mahali ambapo mwenyewe hukioni, kama mgongoni, kwa kuwa utachelewa kujua kikianza kubadilika.

Upasuaji wake ni mdogo. Nilikaa na mama mdogo mpaka mlangoni, na yeye mwenyewe alinisimulia kila hatua. Unachomwa sindano ya ganzi pembeni ya kivimbe. Hiyo ndiyo inayouma, kwa sekunde chache. Baada ya hapo unasikia kuvutwa na kusukumwa lakini husikii kukatwa. Daktari anapasua ngozi taratibu, anakitenganisha kifuko na nyama bila kukitoboa, anakitoa kizima, kisha anashona. Chenye kidoa kama changu, mkato huchongwa kama umbo la jani ili kidoa nacho kitoke. Kifuko kikitoka chote, uwezekano wa kurudi ni mdogo. Kikibaki kipande cha ukuta wake, hicho kipande kinaweza kujijenga upya. Ndiyo sababu kukikamua tu, hata kikitoka kiasi gani, hakukimalizi.

Kikiwa kimechachamaa

Hapa ndipo nilipokosea, na ndipo wengi wanapokosea. Nilidhani kuvimba ghafla maana yake ni vijidudu, basi nikameza antibiotiki za duka la dawa siku mbili kabla ya kwenda popote. Ukweli ni kwamba mara nyingi kifuko kimepasuka kwa ndani, keratini imevuja kwenye nyama, na mwili unaishambulia kama mgeni. Uwekundu, joto na maumivu vinaweza kuwepo bila bakteria wengi. Kwa ngozi zetu nyeusi uwekundu wenyewe hauonekani vizuri. Angalia kung'aa, kukaza, joto ukipitisha mgongo wa kiganja, na rangi kuwa nyeusi zaidi kuliko pembeni. Wakati mwingine dawa zinahitajika kweli, lakini hilo aliamue aliyekiona na kukigusa.

Na kuta za kifuko kilichochachamaa zinakuwa zimelainika na kugandana na nyama. Ukijaribu kukitoa wakati huo kinachanika vipande vipande. Kwa hiyo kinachofanyika, kama kimejaa, ni kukipasua, kutoa kilichomo, kusafisha, na kukiacha kidonda kipone taratibu kutoka ndani. Kifuko hutolewa baadaye, uvimbe ukishatulia, kwa kawaida baada ya wiki nne hadi sita au zaidi.

Sasa nirudi kwenye habari yangu. Aliyenipasua hakukosea kukipasua. Siku ile hakukuwa na njia nyingine ya kunipunguzia maumivu. Kilichokosekana ni sentensi moja: "Rudi baada ya wiki sita tutoe kifuko." Hakuisema, nami sikujua kwamba ni haki yangu kuiuliza. Miezi minne ya kujidanganya na kovu la pili vilitokana na sentensi hiyo moja.

Kwa anayesubiri kupata huduma na kimeanza kuchachamaa, kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu, kikiwekwa dakika kumi au kumi na tano mara tatu nne kwa siku, kinasaidia. Sindano ya kushonea, wembe, dawa ya meno, magadi na vidole vya jirani havisaidii. Vinaweza kupasua kifuko kwa ndani au kuingiza uchafu. Nawaomba mafundi wenzangu hasa, maana sindano tunazo karibu na tunazizoea: msithubutu.

Uanzie wapi?

Kwa kilichochachamaa, kigezo ni ukaribu. Nenda siku hiyohiyo kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho jirani, kama Kituo cha Afya Makole kwa sisi wa katikati ya mji, au cha kata yako ukiwa Hombolo, Nkuhungu au Ihumwa. Tabibu wa kituo cha afya hupasua majipu kila wiki. Mkono wake umezoea. Hakuna sababu ya kupanda daladala mbili na maumivu ili ukafanyiwe kitu kilekile. Ila ukiwa na homa, au uvimbe unasambaa kwa saa, au una kisukari, au kiko usoni karibu na jicho na pua, pita moja kwa moja hospitali kubwa.

Kwa kilichotulia, ukaribu haupewi uzito huo. Unachotafuta ni mahali ambapo mtu mwenye uzoefu wa upasuaji mdogo amepanga siku ya kuufanya bila papara, na ambapo kipande kinaweza kupelekwa maabara ya uchunguzi wa tishu kikihitajika. Zahanati nyingi hazina hicho. Kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji kinaweza kuwa nacho. Uliza kabla ya kupoteza siku.

Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo wenyeji bado tunaiita General, ina kliniki ya upasuaji na iko mahali pa kufikika kwa urahisi. Foleni ya hospitali ya serikali unaijua: siku ya kwanza ni ya kuonwa na kupangiwa, siku ya pili ndiyo ya kukatwa. Mtu wa mjini kwake hilo ni jambo dogo. Mtu wa Kondoa, Mpwapwa au Bahi ahesabu nauli mara mbili, au ahakikishe ana ndugu wa kumlaza. Faida yake kubwa ni kwamba kikionekana si cha kawaida, hatua inayofuata iko karibu.

Hospitali za misheni na za binafsi, kama St. Gemma kule Miyuji, DCMC (Dodoma Christian Medical Center) ya Ntyuka, au Mvumi kwa watu wa Chamwino, ni chaguo jingine. Nawapendekeza watu waliotoka mbali wapige simu kwanza waulize maswali mawili: daktari wa upasuaji yupo siku gani, na kuonwa na kutolewa kunawezekana siku moja? Gharama inaweza kuwa juu kuliko ya serikali, lakini ukijumlisha nauli ya pili, chakula na siku ya kazi iliyopotea, tofauti hupungua na mara nyingine hugeuka. Kwa watu wa upande wa Manyoni, kuna Hospitali ya Mtakatifu Gaspar pale Itigi, na sioni kwa nini waipite kuja Dodoma kwa kivimbe cha kawaida.

Hospitali ya Benjamin Mkapa, ile ya jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma iliyoanza kutoa huduma mwaka 2015, ina madaktari bingwa na vipimo vikubwa kama CT na MRI. Nasema kwa uzito: kwa kivimbe kidogo kilichotulia mgongoni, huhitaji kuanzia hapo. Hapo ni pa uvimbe wenye maswali. Uvimbe uliozidi upana wa sentimita tano, uliokomaa na kushikana na nyama za chini hata hautelezi, unaokua kwa wiki, unaovuja damu au uliofanya kidonda kisichopona, huo usikubali ukatwe juu juu mtaani.

Mtoto pia ana kanuni yake. Kivimbe cha mtoto kilicho katikati ya pua, kati ya nyusi, au kwenye mstari wa uti wa mgongo, hata kiwe kidogo kama punje ya mtama, kinaweza kuwa na mzizi unaoingia ndani mpaka karibu na ubongo au neva. Kinapigwa picha kwanza, kisu baadaye. Jirani yangu alishauriwa na watu watatu akikamue cha mwanawe wa mwaka mmoja, nashukuru alikataa.

Na ndugu zetu wenye ualbino wasiingie katika hesabu hii ya "kimetulia, tusubiri". Kinundu chochote kipya au kidonda kisichopona ndani ya wiki chache kwenye ngozi iliyopigwa na jua kionwe mapema na mtu wa ngozi. Kule Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kuna Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, ndiko yalikoanzia hata mafuta ya kukinga jua ya Kilisun; ukielekezwa huko usione ni mbali.

Kuna wanaoniambia afadhali kwenda Dar, hasa tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024. Kwa kivimbe hiki, hapana. Nyuzi zitatolewa wapi? Kidonda kikivuja siku ya nne utampigia nani? Upasuaji mdogo unataka aliyekukata awe mahali unapoweza kumrudia.

Daftari la mama mdogo

Safari yangu ya kwanza nilikwenda na maneno matatu: "Nina jipu hapa." Ndiyo nikatibiwa jipu. Safari ya mama mdogo tulikaa usiku na daftari la mistari, mimi naandika yeye anakumbuka. Alianza kwa kusema, "Mwanangu, hiki kitu nina miaka nacho, tuandike nini?" Tulipomaliza ilikuwa ukurasa na nusu.

Kilianza lini, akakumbuka ni mwaka aliojifungua kitinda mimba wake. Kilikuwa na ukubwa gani wakati huo na sasa. Kimewahi kuvimba ghafla, kuuma, kutoa kitu, kutoa harufu? Kimewahi kukatwa au kukamuliwa? Nani mwingine katika ukoo anacho? Hili la mwisho aliona ni umbea, lakini daktari ndilo alilolishika kwanza.

Picha zilisaidia kuliko nilivyotegemea. Kwa wiki nne kila Jumapili alijigeuza, binti yake akagawanya nywele, akaweka sarafu ya shilingi mia mbili pembeni ya kivimbe na kupiga picha kwa simu. Sarafu haibadiliki ukubwa, kwa hiyo kivimbe kikikua utakiona. Na kwa kile kinachochachamaa na kutulia, picha ni muhimu zaidi, kwa sababu mara nyingi siku ya miadi kimenywea na daktari anaona kidoa tu.

Upande wa pili wa daftari ni dawa na maradhi. Hapa usifiche wala usione aibu. Kisukari na shinikizo la damu, na vipimo vya mwisho kama unavyo. Dawa za kuzuia damu kuganda, ikiwemo aspirini ndogo ya kila siku na warfarin. Zitaje, wala usiziache mwenyewe bila kuambiwa. Dawa zote za kila siku, na za mitishamba. Ujauzito au kunyonyesha. Ganzi ya kung'oa jino iliwahi kukuletea matatizo? Dawa gani ilikutoa vipele? Ukiweza beba maboksi yenyewe ya dawa kwenye mfuko, maana majina yanasahaulika ukiwa mbele ya koti jeupe.

Kisha makovu. Angalia kovu la chanjo begani na matundu ya masikio. Kama yaliumuka na kuwa manene kupita jeraha lenyewe, una asili ya kovu la keloidi, na ni lazima daktari ajue kabla ya kukata, hasa kifuani, mabegani, taya na masikioni. Inaweza kubadili uamuzi wote: kivimbe cha ukubwa wa harage kifuani kikaacha kovu la ukubwa wa kidole. Kwa mtu wa namna hiyo, kukiacha kilivyo kunaweza kuwa busara.

Mwisho wa daftari tuliandika maswali, na tuliacha nafasi chini ya kila swali. Daktari alikuwa kijana. Aliinuka kidogo kitini, "Shikamoo mama," mama mdogo akaitikia na kumpa daftari lenyewe mkononi. Alisoma kimya, akagusa kichwa, akamwambia, "Mama, umenirahisishia kazi." Kisha akajibu moja moja:

"Una hakika ni kifuko?" Karibu hakika, kwa jinsi kinavyoteleza na historia ya ukoo. "Utakitoa chote au utakikamua?" Chote. "Leo au siku nyingine?" Alhamisi. "Kikipasuka ukiwa unakitoa?" Ataosha na kutafuta kuta zote. "Kitapelekwa maabara?" Kikionekana tofauti na anavyotarajia, ndiyo, na majibu yatachukua siku kadhaa. "Nywele zitaota?" Kwenye mstari wa kovu, pengine hazitaota. "Nyuzi zitatoka lini, na zinaweza kutolewa Mpwapwa?" Siku ya saba hadi ya kumi, na ndiyo, atamwandikia barua.

Swali hilo la mwisho peke yake lilimwokolea nauli ya kwenda na kurudi.

Pesa na bima

Hapa nitapita haraka, maana bei hubadilika na kila kituo kina yake. Mwenye bima aulize mambo mawili kabla ya kuondoka nyumbani: je, kifurushi chake kinahitaji barua ya rufaa kutoka kituo cha chini ili aonwe hospitali ya juu, na je, upasuaji mdogo na kipimo cha tishu vyote vimo? Kadi iwe na jina linalofanana na kitambulisho. Anayelipa taslimu aulize bei yote kwa mkupuo: kumwona daktari, upasuaji, ganzi na nyuzi, maabara, kufunga kidonda siku zinazofuata. Mara nyingi unatajiwa ya upasuaji pekee, halafu nyingine zinakuja moja moja dirishani. Hospitali za serikali utapewa namba ya malipo na kulipa kwa simu au benki; hakikisha simu ina salio na chaji, na tunza risiti.

Siku yenyewe

Kwa ganzi ya sehemu ndogo huhitaji kushinda njaa, isipokuwa umeambiwa. Kula, kunywa maji, meza dawa zako za kila siku kama ulivyoelekezwa. Kivimbe cha shingoni au mgongoni, vaa shati au blauzi ya vifungo mbele. Gauni la kuvalia kichwani litakusumbua kuvua na kuvaa ukiwa na bandeji. Cha kichwani, nenda nywele zimefumuliwa na kuoshwa. Usijinyoe kwa wembe nyumbani: mikwaruzo midogo ya wembe ni milango ya bakteria, na wao watapunguza nywele kwa mkasi au mashine wakiona inafaa. Usipake poda, mafuta wala dawa juu yake asubuhi hiyo.

Nenda na mtu mmoja. Mtu akiambiwa maelekezo dakika tano baada ya kushonwa, hasikii nusu yake. Na kurudi, kama kidonda kiko mgongoni au kiunoni, bodaboda ya barabara ya vumbi si usafiri wa siku hiyo.

Vumbi letu la kiangazi ndilo lililonihangaisha zaidi. Kidonda kikae kikavu na kimefunikwa siku moja hadi mbili za mwanzo, kisha kisafishwe kama ulivyoelekezwa. Mama mdogo alifunga kilemba safi cha pamba juu ya bandeji, akikibadilisha kila siku. Mimi wa shingoni, nilipofanyiwa upasuaji wa pili na kifuko kikatoka, niliweka futi kamba kiunoni kwa wiki mbili. Maumivu yanayopungua kila siku ni ya kawaida. Maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya tatu, usaha, harufu, joto linalosambaa, homa, au damu isiyokoma ukibana dakika kumi na tano, rudi ulikokatwa siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya nyuzi.

Siku ya tisa mama mdogo alikwenda na barua yake Mpwapwa. Nesi alihesabu nyuzi nne, akazitoa, akampa kioo kidogo aone. Akanipigia simu jioni ile akiwa anachana nywele, nikasikia chanuo likipita.